Misuli minene, nguvu hamna: nilichoongea Uyole kuhusu tezi ya shingo

Mugonile nyote, na mliotoka upande wa Iringa na Njombe kamwene. Wamama wa kikundi chetu waliniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, kwahiyo nimeandika kama nilivyoongea, na pale nilipopotea njia nimeacha hivohivo maana mlinisikia. Mimi sio daktari. Nimefundisha baiolojia sekondari mpaka nikastaafu, na huu ugonjwa wa tezi kulala, yani tezi ya shingo kutengeneza homoni kidogo mno, naujua kwa njia mbili, ya kitabu na ya kuuvaa mwenyewe, na nawaambia kabisa ile ya kitabu haikunisaidia kitu siku niliposhindwa kuinuka chooni.

Ndio, naanzia chooni. Msicheke. Choo chetu ni cha kuchuchumaa kama vya wengi humu ndani, na siku moja, nikiwa na miaka 52, nilichuchumaa vizuri tu, kuinuka ikagoma. Sio magoti, magoti hayakuuma. Mapaja yenyewe yalikataa, kama ya mtu mwingine. Nikashika ukuta, nikashika mlango, nikatoka natetemeka na sikumwambia mtu, ungesemaje? Yani mwalimu mzima unaanzaje?

Nikirudi nyuma naona dalili zilianza kabla. Kuandika sehemu ya juu ya ubao mkono ulikuwa unachoka nusu ya sentensi, nikawa naandika katikati tu na wanafunzi wa nyuma wakawa wanalalamika hawaoni. Kuanika mablanketi kwenye kamba ikawa kazi ya binti yangu. Kupanda daladala nashika chuma najivuta kwa mikono. Na usiku mashavu ya miguu yanakaza kama jiwe, naamka napiga kelele, mzee wangu anaamka ananikanda na kulalamika kwamba hata nisipopiga kelele nakoroma, na zamani sikuwa nakoroma. Kwaya nayo sauti ikawa nzito, inakwaruza, mwalimu wa kwaya akanitania nihamie besi. Kila kimoja kina sababu yake rahisi si ndio? Umri, kazi, shamba, baridi.

Hiyo baridi ndo iliyonidanganya kuliko vyote. Mtu mwenye tezi iliyolala anasikia baridi muda wote, hiyo ni moja ya dalili kubwa, lakini sasa wewe unakaa Uyole, mwezi wa sita na wa saba nani havai sweta? Hapa kila mtu ana kofia ya sufu mpaka mtoto wa mgongoni. Kwahiyo dalili ipo wazi na hakuna anayeiona. Mimi iligundulika kwa msiba. Tulishuka Kyela kuzika, kule ziwani joto linajulikana, watu wamekaa chini ya miembe wanajipepea na vitenge, mimi nimevaa sweta mbili na mtandio, na bado vidole vya baridi. Shangazi yangu mmoja akanishika mkono akasema mwanangu, mbona mkono wa maiti? Alisema kwa sauti, msibani, mnawajua mashangazi wa Kyela.

Sasa nielezee hiyo tezi kidogo, nitaenda haraka. Ipo hapa mbele ya shingo, chini ya kile kidundu, ina umbo kama kipepeo aliyefungua mabawa. Kazi yake ni kutengeneza homoni, kubwa ni mbili, T4 na T3, na malighafi yake ni ayodini, haya tunayoita madini joto. Homoni hizo ndo zinaiambia kila seli ichome chakula kwa kasi gani. Fikiria jiko la mkaa, mkaa umejaa, moto upo, lakini kile kidirisha cha chini umekifunga, hewa haipiti. Jiko halijazima ila maharage hayaivi. Ndo mwili wa mtu mwenye tezi iliyolala ulivyo. Ubongo ukiona homoni imepungua unatuma amri kali zaidi kwa tezi, na amri hiyo ndo inaitwa TSH, kwahiyo kwenye kipimo TSH inapanda juu na T4 inashuka chini. Ukikumbuka hilo moja tu utaisoma karatasi yako mwenyewe.

Msuli ndo unaumia vibaya kwa sababu msuli ni mla moto mkubwa. Sukari iliyowekwa akiba ndani ya msuli haifunguliwi vizuri kwahiyo ukiutumia kidogo tu unaishiwa. Zile nyuzi za haraka, za kuruka na kunyanyua, zinapungua na za polepole zinachukua nafasi. Alafu kuna jambo ambalo mimi lilinishangaza hata kama nilifundisha miaka yote: msuli kulegea nako ni kazi, lazima kalisiamu irudishwe kwenye ghala lake ndani ya seli ndo msuli uachie, na bila homoni ya kutosha urudishaji huo unasuasua. Kwahiyo msuli unakaza, na kuachia unachelewa. Ndo ile mikakamao. Na katikati ya nyuzi panajaa vitu kama ute mzito unaovuta maji, ndo maana uso unavimba, mikono inavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo halibaki kama uvimbe wa kawaida wa miguu. Udhaifu wenyewe unapenda sehemu za karibu na kiwiliwili, mabega, nyonga, mapaja. Kushika kalamu unaweza, kuinuka kwenye kigoda huwezi.

Basi nikaanza kuzunguka. Sitataja ni wapi na wapi, haisaidii. Sehemu ya kwanza nikaambiwa ni umri na kufunga kwa hedhi, nikapewa vidonge vya maumivu. Sehemu ya pili wakapima damu wakakuta vipimo vya ini vimepanda. Mama mmoja wa maabara akaniangalia kwa huruma akaniuliza kwa sauti ya chini, mwalimu, pombe unakunywa kiasi gani? Mimi! Kimpumu naijua kwa harufu tu, na ulanzi mara ya mwisho kuonja nilikuwa msichana Iringa. Nikarudi nyumbani nimeaibika na bure kabisa, maana nimekuja kujua baadaye kwamba vile vimeng'enya wanavyopima wakitafuta ini, AST hasa, na ALT kiasi, vipo pia ndani ya misuli. Msuli ukiumia unavimwaga kwenye damu. Kwahiyo vikipanda, na mtu analalamika misuli, inatakiwa pia kipimwe kile cha msuli wenyewe kinaitwa CK. Hakikupimwa.

Sehemu ya tatu wakakuta kolestro iko juu sana. Hapo ndo pakaharibika. Tezi ikilala kolestro hupanda, kwa sababu ini linachelewa kuiondoa kwenye damu, na mara nyingi ukitibu tezi inashuka yenyewe. Lakini mimi tezi haikupimwa, nikapewa dawa ya kushusha kolestro, zile za jamii ya statini. Ni dawa nzuri jamani, zinaokoa watu na magonjwa ya moyo, msije mkaenda nyumbani mkazitupa mkasema mwalimu kasema. Ila kwa mtu ambaye tezi yake imelala na haijatibiwa hatari ya dawa hizo kuumiza misuli inaongezeka. Nikanywa wiki kadhaa. Ikafika msimu wa kulima viazi, mimi na ubishi wangu nikaingia shambani na jembe kutwa nzima kwa sababu nilidhani nimekuwa mvivu, nikatafute jasho.

Kesho yake asubuhi mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Chai ya Tukuyu iliyokolea.

Hapa naomba wote mnisikilize, hata waliosinzia. Misuli ikiumwa na mkojo ukawa wa kahawia au mweusi, hilo halisubiri Jumatatu, halisubiri mchungaji, ni hospitali siku hiyohiyo. Maana yake nyuzi za misuli zinavunjika na yaliyomo ndani yanamwagika kwenye damu yanaenda kuziba na kuchoma figo. Ni jambo nadra kwa ugonjwa wa tezi, wengi hawafiki huko, lakini likitokea figo zinaweza kusimama ukaishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi nilibahatika. Nilipelekwa kwa bajaji, nikalazwa, nikawekewa dripu nyingi siku kadhaa, statini ikasimamishwa, figo zikapona. CK yangu ilikuwa zaidi ya elfu kumi, na kawaida ya mwanamke ni chini ya mia mbili hivi.

Aliyenigundua alikuwa daktari kijana sana, wale wa mafunzo ya vitendo, shati linamzidi. Akanipigisha magoti kwenye kiti, miguu inaning'inia nyuma, akagonga mshipa wa kisigino na kile kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka vizuri, alafu kurudi ukarudi taratiiibu, kama mlango wenye bawaba za kutu. Akagonga tena. Akaita mwenzake aje aone. Akagonga msuli wa mkono wangu, pakainuka kauvimbe palepale alipogonga, kakakaa sekunde kadhaa alafu kakazama. Akaniuliza mama, unasikia baridi? Nikamwambia habari za Kyela. Akacheka, akaandika TSH. Majibu yalirudi zaidi ya 100, na mwisho wa kawaida ni kama 4 au 5. Shingo yangu haina uvimbe wowote, ndo muone. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndo ilikuwa inaila tezi polepole, ugonjwa alioueleza daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912 na mpaka leo unabeba jina lake.

Nasema hivyo kwa sababu huku kwetu ukitaja tezi watu wanafikiria rovu tu, ule uvimbe wa shingo. Na tuna haki, bibi zetu wa Rungwe, Makete, Njombe walikuwa nalo, wengine kubwa kama boga dogo, utotoni nilidhani ni sehemu ya kuzeeka. Udongo wa milimani mvua zimeuosha ayodini muda mrefu, mazao yanaota bila hiyo kitu. Wale wa umri wangu mnakumbuka vidonge vya mafuta yenye ayodini tulivyogawiwa, alafu miaka ya 1990 ikaja chumvi yenye madini joto. Endeleeni kuinunua hiyo, ya pakiti, ifunikeni vizuri isikae juani wala karibu na moto, na ukiweza itie chakula kikikaribia kuiva. Hii ya mawe isiyotiwa kitu achieni ng'ombe. Lakini chumvi inazuia, kwa mtu kama mimi ambaye tezi imeshaliwa haitibu. Na wale mnaouziwa unga wa mwani na dawa lishe za tezi mitandaoni, ayodini ikizidi nayo inaweza kuiharibu tezi zaidi, mbaki na hela zenu.

Sasa niwaambie ya yule kijana, nadhani ndo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Ni mpakia mizigo, yupo Mwanjelwa, anapandisha magunia ya viazi kwenye malori. Mnazijua lumbesa, sio mzigo wa kawaida ule. Nilikutana naye nikinunua mchele, nikaona mashavu yake ya miguu makubwa yamejaa, mikono imetuna, wenzake wanamwita Jimu. Lakini amekaa. Wenzake wanabeba yeye amekaa juu ya gunia anafungua midomo ya magunia. Nikauliza kwa utani, wewe mwenye mwili ndo umekaa? Akanijibu polepole sana, kwa sauti nzito, mama mwili upo, nguvu hamna. Anasema akikunja ngumi vidole vinachelewa kufunguka. Wenzake wanasema kalogwa na mwenye wivu wa huo mwili, ameshachanjwa chale mabegani.

Nikaangalia shingo. Kovu, limelala mlalo, safi. Alifanyiwa upasuaji wa rovu miaka miwili nyuma, akapewa vidonge, akavinywa, vilipoisha akaacha. Kwa nini umeacha? Kwa sababu rovu limetoka mama, nimepona.

Jamani. Tezi imetolewa, homoni itatoka wapi? Na hilo sio geni duniani hata kidogo. Theodor Kocher wa Uswisi, bingwa wa kupasua rovu, mwaka 1883 aliandika kwamba wagonjwa aliowatoa tezi nzima walirudi wamevimba, wazito, wamepooza akili na mwili, na ndipo watu walipoanza kuelewa kile kinyama kina kazi gani, akaja kupewa Nobel mwaka 1909. Na mwaka 1897 Johann Hoffmann, Mjerumani, alieleza habari za mtu mzima aliyetolewa tezi, misuli imekakamaa, inachelewa kulegea, na mpaka leo mtu mzima mwenye tezi iliyolala na misuli iliyotuna, migumu, isiyo na nguvu wanasema ana sindromu ya Hoffmann. Yani yule kijana wa Mwanjelwa aliandikwa miaka zaidi ya mia iliyopita, na sisi tunamwita Jimu. Watoto nao inawapata, unakuta mtoto mfupi, mzito kuelewa, anachelewa kutembea lakini ana mwili wa mnyanyua vyuma na wazazi wanajisifia.

Nilimshika mkono tukaenda naye. Sitaki kuwaambia vipimo vyake, ni vyake, ila alirudishiwa vidonge na mwezi wa pili wa kuvinywa akaniletea kabichi kumi nyumbani, kabeba mwenyewe. Na kabla hamjauliza, ndio, kabichi zinatajwa kwenye mambo ya rovu, lakini ikipikwa na unakula chumvi yenye madini joto, kula tu.

Dawa yenyewe ni kidonge kimoja kidogo, levothairoksini, ni homoni ileile ya T4. Zamani haikuwepo, mwaka 1891 Mwingereza George Murray alimchoma mgonjwa wake sindano za maji yaliyokamuliwa kwenye tezi za kondoo, na yule mama akaishi miaka mingine 28. Mzee mmoja pale nyuma akasema kumbe tuchinje kondoo, nikamwambia kaa chini, siku hizi kipo kidonge kilichopimwa vizuri. Unakinywa asubuhi tumbo tupu kwa maji matupu, alafu unasubiri nusu saa mpaka lisaa ndo chai, na hapa ndo tunapokosea watu wa huku maana sisi macho yakifunguka tu ni chai ya maziwa. Vidonge vya damu vyenye madini chuma, kalisiamu, dawa za kiungulia, hizo ziache masaa manne mbali. Dozi inaendana na uzito, umri na moyo, mzee au mwenye shida ya moyo anaanzishwa kidogokidogo kwa sababu ukiuwasha kwa ghafla moyo uliokuwa unapiga taratibu unaweza kuuumiza. Baada ya wiki sita hadi nane unapima tena TSH. Mjamzito anahitaji zaidi, asingoje tarehe ya kliniki, aseme mapema.

Na uvumilivu. CK yangu ilishuka ndani ya wiki chache, nikafurahi, lakini nguvu zenyewe ziligoma kuja kwa kasi hiyo. Mikakamao ilitangulia kuondoka, alafu uso ukapungua, mapaja ndo yalikuwa ya mwisho, karibu mwaka mzima. Mpwa wangu alitaka kunipeleka jimu nirudishe misuli, daktari akakataa, akasema tembea tambarare kwanza mpaka damu itulie. Katikati hapo nilijiongezea dozi mwenyewe nikidhani itakuwa haraka, mwalimu wa baiolojia huyo, nikapata moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, na misuli ikalegea tena kwa sababu homoni ikizidi nayo inakula misuli na mifupa. Nilisemwa vizuri sana siku hiyo. Nilistahili.

Mama mmoja aliuliza, je, asiyetibiwa kabisa? Kupumua nako ni misuli, na moyo wenyewe ni msuli, vyote vinazidi kuchoka. Na kwenye baridi kali kama ya Makete au Kitulo, akipata nimonia au maambukizi mengine, anaweza kuwa wa baridi, kusinzia, kuchanganyikiwa, asiamke. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali, sio kufunikwa blanketi na kusubiri.

Mwingine akauliza kwahiyo kila anayeumwa miguu apime tezi? Hapana, miguu ina wenyewe wengi, sukari, magoti, mgongo. Ila uchovu wa mapaja na mabega, mikakamao, ukiongeza na baridi, choo kigumu, ngozi kavu, sauti kukwaruza, uzito unaopanda huku hamu ya kula imepungua, au kovu shingoni, hapo uliza mwenyewe, daktari naomba TSH. Uliza kwa heshima lakini uliza, na kama umeanzishiwa dawa ya kolestro taja misuli yako.

Mwisho wakasema mwalimu tuonyeshe. Nikavua viatu, nikachuchumaa pale mbele ya madhabahu na gauni langu la Jumapili, nikainuka bila kushika kitu, wakapiga vigelegele. Nikasema haya, wote. Ukumbi mzima ukachuchumaa, makelele, viti vinaanguka. Wengi waliinuka. Wazee wawili walibaki chini wakalalamikia magoti yao, wakainuliwa na vijana huku wanacheka. Mama mmoja karibu na dirisha, mdogo kwangu kwa miaka mingi, amevaa sweta na koti juu, alibaki chini kashika mguu wa benchi na hakucheka. Nilimfuata tukakaa wote pale sakafuni mpaka watu walipotoka. Kesho saa moja asubuhi nampitia kwa bajaji.